Saa Kumi na Moja ya Karani

Kri, kri, kri.

Hiyo ndiyo sauti ya Karani. Mpaka leo nikisikia panya anaguguna kitu nyuma ya sanduku, namkumbuka Karani kwanza, panya baadaye. Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha reli pale Gerezani kuwaita watu wa karakana, alikaa kitandani kwake akaitia ufunguo saa yake ya mfukoni: kri, kri, kri, mara kumi na mbili, hazizidi, hazipungui. Chumba chake na chetu viligawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe, kama kuta zote za nyumba ile ya vyumba sita, haukufika juu kwenye paa. Basi tukawa tunaamshwa na saa ya mtu ambayo hata kutuambia ni saa ngapi haikuwa radhi.

Maana saa ya Karani haikusema saa zetu. Sisi kukipambazuka tunaanza saa moja, saa mbili, kama walivyohesabu waliotuzaa. Karani alisema hizo ni saa za kuku. Yeye alikuwa na saa za ofisini. Mshale mfupi ukigusa tano, kwake ni tano. Sisi tunaona jua linateremka upande wa Ilala, tunasema kumi na moja, na yeye anatikisa kichwa kama mtu aliyemfuma mtoto anakula udongo. Ukimuuliza, "Bwana Karani, saa ngapi?" alikujibu kwa swali:

"Ya wasomi au ya kuku?"

Na ilikubidi useme, "Ya kuku, Bwana Karani," ndipo akupe. Wazee wenye mvi walisema. Shangazi yangu alisema. Mimi niliona heri nitazame kivuli cha nguzo ya simu.

Nataka kumweleza vizuri, nisimwonee. Kumwonea Karani si kazi, ndiyo maana najizuia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kaptura yake nyeupe imekakamaa kwa wanga hata akikaa ilibaki imesimama peke yake kidogo. Soksi mpaka magotini. Kofia ya pama. Kalamu mbili kifuani, moja ina wino na moja haina. Hiyo isiyo na wino ilikuwa ya heshima. Kwapani mfuko wa ngozi wenye kufuli, ambamo, kwa maneno yake mwenyewe, mlikaa mafaili ya ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa pale Gerezani, na alivyoitaja ungedhani treni haziwezi kuondoka bila yeye kuziaga. Lakini kila jioni Karani akipinda kona kurudi nyumbani, paka watatu wa sokoni walikuwa nyuma yake, mikia juu, kama askari wa gwaride. Mafaili yalinukia changu wa kukaanga. Hakuna mtu aliyethubutu kusema. Tulimwamkia Karani, tukawaamkia na paka.

Alikuwa na maneno yake. "Ofisini kwetu" ndilo lililofungua kila sentensi, hata kama sentensi ilikuwa ya choo. "Asiyejua saa ni kama mgomba, yupo tu." Na kofia zetu aliziita vichujio.

Hilo la vichujio lilinichoma, kwa sababu ndizo zilizotulisha. Shangazi, aliyenilea tangu sijaota meno, alishona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, mamia ya vitobo katika kofia moja, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mtama. Kofia ya Shangazi ilivaliwa na watu wa maana, Ijumaa na Idi. Karani akipita barazani anaichungulia kazi ya miezi miwili na kusema, "Bibi, hiki ukikimwagia chai, majani yatabaki juu?" Kisha anacheka mwenyewe, kwa pua.

Shangazi naye anacheka. Hilo ndilo nililoshindwa kulielewa. Shangazi alimheshimu. Hakuwahi kukanyaga shule, na aliamini mtu anayejua kusoma hawezi kusema uongo, herufi zitamwumbua. Kila Ijumaa alimpelekea Karani bakuli la wali wa nazi. Bakuli lilirudi tupu, halijaoshwa.

Na barua zake! Mama Ntilie wa kona, aliyetukaangia samaki, alimwomba amwandikie mama yake kule Rufiji. Alitaka kusema tu kwamba yeye mzima na mtoto ameanza kutambaa. Karani aliandika: "Nina heshima kukuarifu kwamba afya yangu haina pingamizi, na mtoto ameanza mwendo wa chini kwa chini." Majibu yalikuja mbio mbio. Mama mtu alikuwa analia, anauliza binti yake ameshtakiwa kwa kosa gani, na huyo mtoto anajificha asionwe na nani.

Aliwadharau waganga, na chini ya shati alivaa hirizi; niliiona siku alipokuwa akinawa uani. Alisema umbea wa wanawake unamtia homa, na hakuna umbea wetu uliompita, maana ukuta haukufika juu. Aliogopa kuku. Kweli kabisa. Mtu aliyetuita kuku mchana kutwa, jogoo akiingia ukumbini yeye alipanda kiti.

Ningeweza kuendelea hivi nikacheka mpaka kesho. Lakini kuna habari ya jua.

Habari ya jua ilikuja imefungia samaki. Ilikuwa kipande cha gazeti la Kiswahili ambacho Mama Ntilie alimfungia Karani changu wawili, naye akakikunjua barazani jioni watu wanapumzika. Akakohoa. Akavaa miwani. Mimi nilikuwa nimesimama begani kwake. Nilikuwa darasa la nne na nilisoma haraka kuliko alivyopenda.

"Keshokutwa jua litapatwa," alisoma.

"Limepatwa na nini?" akauliza Shangazi, sindano mkononi.

"Litapatwa, Bibi. Basi. Ofisini kwetu hatuulizi na nani."

"Na mwezi," nikasema. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametuonyesha kwa chungwa na limau. Mimi wakati huo ndoto yangu ilikuwa kuwa mwalimu wa jiografia, nipige mstari wa Ikweta ubao mzima kwa mkono mmoja bila kutetemeka.

Karani hakunisikia, au alinisikia. Akaendelea: "Litaonekana pwani yote kuanzia saa kumi na moja..." Hapo akakwama. Baada ya "kumi na moja" palikuwa na gamba la samaki. Gamba moja, la duara, limeganda barabara juu ya neno lililofuata.

"Kumi na moja," watu wakasema. "Yaani jioni, kabla ya magharibi."

"Ndiyo maana nasema ninyi kuku," akasema Karani. "Gazeti linaandikwa na nani? Na wasomi. Msomi akiandika kumi na moja, anasema kumi na moja ya ofisini. Nayo kwenu ni saa ngapi? Saa tano. Saa tano ya asubuhi, kabla ya adhuhuri. Msikimbilie jioni, mtakuta jua limeshatapikwa."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la familia ya Kihindi. Mama mwenye duka alizaliwa mtaa huo huo na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Karani. Alikuwa amekuja kuchukua kofia ya mteja wake. Akasema kwa upole, "Bwana Karani, kalenda yetu nyumbani inasema jioni. Jua likikaribia kuzama."

"Mama, kalenda ya duka inajua bei ya sukari. Mbingu ni za gazeti."

"Bwana Karani," nikasema mimi, "tulibandue hilo gamba. Chini yake kuna neno."

Akageuka akanitazama kutoka juu, safari ndefu. "Uko darasa la ngapi wewe?"

"La nne, Bwana Karani."

"Ukifika la nane, utabandua."

Watu wakacheka. Akalikunja gazeti, gamba ndani yake, akalifungia kwenye mfuko wa mafaili. Hiyo kufuli nimeiota mara nyingi.

Siku yenyewe, saa tano ya asubuhi, mtaa mzima ulikuwa nje. Vipande vya chupa vilikuwa vimepakwa masizi ya kibatari tangu jana. Mimi peke yangu nilipaka saba, na pua yangu ikawa ya nane. Wengine waliweka mabeseni ya maji walione jua humo. Watoto walikuja na madebe ya kupiga ili nyoka anayelimeza jua atishike, alitapike. Mama Ntilie aliacha samaki jikoni wakaungua. Jua lilikuwa utosini, shingo zimekunjika nyuma, vinywa wazi.

Jua likawaka.

Likawaka tena.

"Bwana Karani," akaita muuza kahawa, "jua lako limekosa treni nini?"

"Limeanza. Macho yasiyosoma hayaoni mwanzo wa jambo."

Loo, kusikia hivyo watu wakaanza kuona! Kinyozi aliona mkia wa nyoka. Jirani yake aliona mkia na kichwa. Mpika maandazi aliona jina la marehemu baba yake, naye hajui kusoma. Wakabishana mkia uko upande gani, wakakaribia kupigana. Mpaka adhana ya adhuhuri ikalia, watu wakatazamana, wakaona pua zao nyeusi, wakajiona wajinga. Wakaanza kuondoka, na kila aliyeondoka aliacha neno lake.

"Karani, likifika tuamshe."

"Ofisini kwenu jua liko likizo."

"Ya wasomi au ya kuku, Bwana Karani?"

Hilo la mwisho lilimpata. Na mimi, nisidanganye, nilifurahi mpaka vidole vya miguu vikakunjika.

Akabaki amesimama katikati ya barabara peke yake, ameinua uso. Shangazi, aliyekuwa ameshaingia ndani, akatoka tena.

"Shangazi, unakwenda wapi? Hakuna kitu!"

"Najua hakuna kitu," akasema. "Mtu mzima ameaibika. Tumwache peke yake juani?"

Akaenda akasimama naye. Na Karani, badala ya kumshukuru, akakitazama kile kioo cha Shangazi cha masizi akasonya. "Tupa takataka hiyo, Bibi. Shika hii. Ya kitaalamu." Akampa ile filamu ambayo mpiga picha humpa mtu pamoja na picha yake. Ilikuwa filamu ya picha ya Karani mwenyewe. Mnajua filamu inavyogeuza mambo: shati lake jeupe lilikuwa jeusi tii, na uso wake ulikuwa mweupe, mwanga unapita. Mtu mwingine angeinua lile shati jeusi mbele ya macho, likinge mwanga. Shangazi kwa heshima yake aliona si adabu kumtazama mtu shati badala ya uso. Alilitazama jua kupitia uso wa Karani.

Walipokezana hivyo. Yeye, halafu Shangazi, halafu yeye. Hata saa sita na nusu, hata saa saba. Niliita mara tatu waje wale.

Alipoingia ndani, Shangazi alikaa mkekani, akaokota kofia aliyokuwa anaishona, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Mwanangu," akasema, "mbona kila ninachokitazama kina shimo?"

Saa kumi na moja, jua lilipatwa.

Lilipatwa kama ilivyoandikwa, kwa saa za kuku. Sikuwa nje. Nilikuwa chumbani nambadilishia Shangazi kitambaa cha maji baridi machoni. Niliwasikia nje, na baadaye nilisimuliwa na kila mtu, na kila mtu alisimulia jua lake. Mama Ntilie alisema ni kama mtu amemega andazi akalirudisha sahanini. Aliudhika, alitegemea giza la kuwasha taa. Muuza kahawa, mtu wa mizaha, alilia na hakujua kwa nini. Wanaume walikwenda msikitini kusali. Kinyozi hakuona kitu safari hii, macho yalikuwa yanamwuma. Mama wa duka alifunga mlango, akafunika chakula kwa majani ya mrehani, wakaoga wote, kama desturi ya kwao. Watu walisema ajabu kubwa ni kuku, maana walipanda kulala; mimi nikasema saa ile ndiyo yao ya kulala kila siku. Kilichowatisha zaidi ni kwamba jua lilizama vile vile, limemegwa, likaingia nyuma ya mapaa ya Msimbazi kabla halijaachiwa. Watoto walipiga madebe mpaka wakachoka, na mmoja akauliza, "Sasa kesho litakuja zima?"

Mimi nililiona hivi. Dirisha letu lilitazama machweo, na kofia ya Shangazi, ile ambayo haijaisha, nilikuwa nimeianika pale kwenye uzi. Mwanga mwekundu ulipita ndani ya kofia ukaangukia ukuta wa kati, ukuta wetu na Karani. Siku zote ulipopita hivyo uliacha vidoa vya duara, nilivizoea. Siku ile havikuwa duara. Kila kitobo kilikuwa kimechora mwezi mwandamo. Miezi mia, labda zaidi, midogo kama kucha za mtoto, yote imeegemea upande mmoja, inatetemeka upepo ukitikisa uzi.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Ukuta umejaa miezi!"

Akaondoa kitambaa. Akageuza uso huku, akageuza kule. Akainuka, akaenda, akapapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, polepole, kama mtu anayetafuta mlango.

"Iko wapi?" akasema. "Iko wapi, mwanangu?"

Ilikuwa juu ya mikono yake, na yeye haioni.

Upande wa pili wa ukuta, nikasikia: kri, kri, kri. Karani alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Anaitia saa ufunguo, jioni, wakati alishaitia asubuhi.

Ya kwamba jua lilirudi zima kesho yake, mnajua. Macho ya Shangazi hayakurudi. Pembeni anaona vizuri, anaona hata sisimizi; katikati kuna doa. Mtu akisimama mbele yake anaona masikio yote mawili, uso hauoni. Akaanza kututambua kwa masikio, na alisema mambo ya kuchekesha sana juu ya masikio ya watu wa msikiti mzima. Lakini sindano haina masikio. Kitobo cha kofia ni cha katikati. Basi niliacha shule, nikaichukua sindano mimi. Nililia wiki moja tu, na wiki yenyewe ilikuwa ya mvua, haikuonekana sana. Jiografia yangu ikawa kofia: nikizungusha mstari wa katikati, najiambia hii ndiyo Ikweta.

Nilitaka neno moja tu kutoka kwa Karani. "Nimekosa." Si neno refu, tena aliwahi kuandika marefu zaidi bila kuombwa. Nililitaka kwa ajili ya Shangazi. Yeye alisema, "Mwenye saa alikuwa yeye, mwenye macho nilikuwa mimi. Mwache." Lakini wakipishana ukumbini, alikuwa anasimama kidogo, ameinamisha shavu, anangoja. Namjua Shangazi. Alikuwa anangoja.

Karani alipita. Tena alianza tabia mpya: akawa hatutazami usoni. Akisema na mtu anageuza uso pembeni kama kuku anayemchungulia mwewe kwa jicho moja. Hata gazeti alilishika hivyo, ubavuni. Nikasema, ndiyo haya, sasa tumekuwa wa kutazamwa kwa pembe. Bakuli la wali liliendelea kwenda kila Ijumaa, safari hii nimepika mimi na chumvi nimezidisha kusudi. Lilirudi tupu. Limeoshwa. Sikulipa hilo maana.

Halafu akahama. Tulisikia ofisini wamempumzisha, amepanga chumba Mchikichini. Chumba chake kikachukuliwa na fundi viatu, mtu mwema, hana saa.

Miaka mitatu baadaye akasimama mlangoni petu, alfajiri, bila paka hata mmoja. Nilimjua kwa soksi.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba." Akatazama ukuta wa pembeni. "Nataka kofia."

"Kichujio?"

"Ndiyo. Kichujio."

Shangazi hakuwepo, alikuwa kwenye hitima. Nilifurahi hakuwepo. Nikampima kichwa na uzi, nikaubana kuliko ilivyopasa.

Niliishona ile kofia miezi miwili, na nataka mjue sikuishona kwa moyo mmoja. Mkono ulitaka kazi safi kwa sababu mkono ni wa Shangazi, ndiye aliyeufundisha. Moyo ulitaka kitu kingine. Basi mbele kabisa, katikati ya paji la uso, katika ua kubwa, niliacha kitobo kimoja bila kukitoboa. Nilikizungushia uzi kama vingine, kikatulia pale, kipofu. Mtu wa kawaida haoni. Fundi yeyote wa kofia mjini angeona na kucheka mpaka akae chini. Nilikuwa nimempaka Karani masizi usoni, aende nayo Ijumaa mpaka Ijumaa.

Nikaipeleka Mchikichini mwenyewe, jioni. Chumba kidogo, kitanda, kiti, mfuko wa mafaili ukutani, kufuli imeng'oka. Aliipokea kofia akageuza uso pembeni, ile tabia yake, na mimi mdomo wangu ukawa tayari. Lakini hakuitazama. Aliigusa. Alianza nyuma, kidole cha shahada kinapita kitobo hadi kitobo, taratibu, kama mtu anayesoma. Akazunguka sikio la kushoto. Akafika mbele.

Kidole kikasimama.

Kikarudi. Kikagusa tena.

"Hiki kimefumba," akasema.

Mimi nikaitazama ile kufuli iliyong'oka.

"Kama changu." Akagusa chini ya jicho la kulia, kisha la kushoto. "Yote mawili. Yako katikati. Bibi anaona masikio, sivyo? Nilimsikia akisema. Mimi pia naona masikio. Wewe yako yamechomoza kidogo."

Nilijishika masikio. Ndipo nikaelewa gazeti lililoshikwa ubavuni, na kuku na mwewe, na kwa nini ofisi ilimpumzisha.

Akatoa saa mfukoni, mnyororo na yote, akanisogezea.

"Ni saa ngapi?"

Mshale mfupi ulikuwa juu ya tano. Mnajua nilichokuwa nacho mdomoni. Nilikuwa nimekitunza miaka mitatu, nimekinoa: ya wasomi au ya kuku, Bwana Karani? Nilikiona kabisa kinatoka. Kisha nikaona kile kidole chake, bado kimekaa juu ya kitobo kipofu, hakijaondoka.

"Saa kumi na moja," nikasema.

"Ya jioni?"

"Ya jioni."

"Jioni," akasema yeye. Akalirudia kama neno la lugha ya ugenini. "Ndilo lililokuwa chini ya gamba. Nililibandua siku ile ile, baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimeshika karatasi mkononi, neno linaonekana, hata kwa haya macho. Ningeweza kutoka nikawaambia watu. Nikakaa. Halafu nikakusikia unamwambia Bibi ukuta umejaa miezi." Akatazama ukuta wake mwenyewe, kwa pembe. "Ilikuwa mingapi?"

"Sikuihesabu."

"Mimi upande wangu ulikuwa mweupe tu."

Hakusema "nimekosa." Nimelifikiria sana. Mpaka naondoka hakulisema, na sidhani kama kinywa chake kina nafasi yake. Alisema jioni. Nilimwambia, "Nipe hiyo kofia, Bwana Karani, ina kasoro, kesho nitaileta na Shangazi." Akanipa kwa mikono miwili. Na nilipofika mlangoni akarudi kuwa yeye: "Msije saa za kuku!" Kisha, taratibu: "Njooni saa kumi na moja."

Nilipofika nyumbani Shangazi alikuwa jikoni uani anaimba. Sikumwambia kwanza. Niliingia chumbani, nikakaa karibu na dirisha kabla mwanga haujaisha, nikachukua sindano nene. Nikaisukuma katikati ya lile ua, nikazungusha, nikaondoa nyuzi mbili zilizosumbua. Kisha nikaiinua kofia dirishani. Ukutani, katikati ya vidoa vingine vyote, kimoja kipya kikaangukia mahali pake, duara, zima.